Pentekoste hakuna aliyeambiwa anunue masikio mapya

 

Leo ni Jumapili ya mwisho kabla ya Pentekoste, siku ambayo Kanisa Katoliki huadhimisha Siku ya Upashanaji Habari Duniani. Maadhimisho haya yalianza mwaka 1967, yakiwa matunda ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao tarehe 4 Desemba 1963 ulitoa hati nzima kuhusu magazeti, redio, sinema na televisheni. Mapadre wengi leo watahubiri juu ya simu janja, mitandao ya kijamii na akili mnemba. Wako sahihi, maana huko ndiko waliko vijana wetu. Mimi naomba unipe ruhusa, mpendwa msomaji, niseme habari ya kitu ambacho siku hizi hata wanunuzi wa vyuma chakavu hukipokea kwa kununa: televisheni ya chogo.

Usicheke kwanza. Huenda iko moja kwa mama yako kijijini, na huenda hujawahi kumwuliza kama inawaka.

Huku Pemba ninakohudumu sisi Wakristo ni wachache. Wengi wetu ni watu waliokuja kikazi kutoka bara: walimu, askari, wauguzi. Baadhi yao walistaafu wakabaki, kwa sababu bahari na harufu ya karafuu vina namna yake ya kumshika mtu. Mmoja wa waliobaki ni mama mjane wa askari, anaishi Wete. Kila mwaka kipindi cha Pasaka hupita nyumba kwa nyumba kubariki, na kwake nimeshapita mara tatu. Mara zote niliweka kitabu changu na chombo cha maji ya baraka juu ya meza fulani ya pembeni, iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma mpaka chini, yenye sanamu ya Bikira Maria na saa ya mezani. Mwaka huu kitambaa kiliteleza. Chini yake hapakuwa na meza. Palikuwa na runinga ya inchi 21 juu ya kigoda, chogo limeelekea ukutani.

"Mama, kumbe una televisheni?"

"Ilikufa, Baba. Siku zile walipozima mitambo."

"Ilikufa, au ilizimwa?"

"Mimi nitajuaje? Nililala inaonyesha, nikaamka inapiga chenga."

Akanisimulia yaliyofuata. Aliambiwa anunue king'amuzi. Akajibana miezi kadhaa, akanunua dukani. Kijana wa jirani alipokuja kukifunga, akakuta king'amuzi kina tundu la waya wa aina mpya tu, lile la HDMI, na runinga ya mama haina tundu hilo. Aliporudi dukani akajibiwa kuwa king'amuzi hakina kosa, kosa ni la runinga yake, imepitwa na wakati, anunue nyingine. Hela ya nyingine hakuwa nayo. King'amuzi kikaingia kabatini, runinga ikavishwa kitambaa, Bikira Maria akapandishwa juu yake.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, baadhi ya masomo yalirushwa kwa redio na televisheni. Mjukuu wa mama huyu alikuwa sekondari wakati huo. Nyumbani kwao kulikuwa na runinga nzima na king'amuzi kizima, viko mita mbili kutoka kimoja hadi kingine, na mtoto alikwenda kusimama dirishani kwa jirani kufuata somo la hisabati. Jirani, Mwislamu mcha Mungu, alipomwona alimwita ndani na kumwekea kiti. Mungu ambariki nyumba yake.

Mimi nilipoyasikia haya niliona haya. Nyumba ya mapadre ilipobadilisha runinga, tulinunua bapa jipya na ile ya chogo tukaibeba stoo, mchana mmoja, bila kufikiri mara mbili. Na ni mara ngapi nimesimama altareni baada ya Misa nikatangaza, "Msikose kufuatilia adhimisho lile kwenye televisheni," nikidhani kila aliyekaa mbele yangu ataliona? Nilikuwa nikiwatangazia watu chakula kilichoandaliwa kwenye nyumba ambayo hawakupewa ufunguo wake.

Watu wa bara wenzangu hupenda kudhani kwamba Pemba ni ya mwisho kwa kila jambo. Kwa jambo hili wao ndio walikuwa wa mwisho. Televisheni Zanzibar ilianza kurusha matangazo mwaka 1973, wakati wa Mzee Aboud Jumbe, ikiwa ni azma iliyoachwa na Mzee Abeid Amani Karume aliyeuawa Aprili 1972. Na ilikuwa ya rangi, wakati nchi nyingi tajiri bado zilikuwa na nyumba tele zenye picha nyeusi na nyeupe. Tanganyika ya zamani ilisubiri. Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa isiyolingana na nchi yenye shida za maji na madarasa, na vituo vya kwanza vya bara vikafunguliwa mwaka 1994.

Nakumbuka sisi tukiwa seminari, runinga moja kwa nyumba nzima. Mwenzetu mmoja alitumwa nje kuzungusha mlingoti wa antena, mwingine anasimama mlangoni, wa tatu mbele ya kioo. "Hapo hapo! Umepita! Rudi kidogo! Usiguse tena!" Yule wa nje hakuona hata goli moja. Baadaye amekuwa padre mzuri sana, na mimi huamini uvumilivu wake ulitokana na mlingoti ule.

Pemba nayo ilikuwa na shida yake, umeme. Kwa miaka mingi kisiwa kilitegemea mitambo ya dizeli pale Wesha, mpaka mwaka 2010 ulipofika waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Fikiria basi familia iliyosubiri umeme wa uhakika mpaka 2010, ikajikusanya, ikanunua runinga yake ya kwanza, mara nyingi iliyokwishatumika Dubai au Ulaya, halafu baada ya miaka michache ikaambiwa chombo hicho pekee hakitoshi tena.

Uamuzi wenyewe haukuanzia kwetu. Mwezi Juni 2006, mjini Geneva, nchi za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia zilikubaliana kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho wa kulindwa kwa mitambo ya zamani. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizotangulia. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisimamia kuzimwa kwa analojia Dar es Salaam, na miezi iliyofuata ikawa zamu ya Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Zanzibar nayo ikaifuata njia hiyo.

Sababu zilikuwa nzuri, na mimi si mtu wa kulilia kila kilichopita. Nafasi ya hewani iliyobeba chaneli moja ya analojia hubeba chaneli kadhaa za dijitali, tena zenye picha safi, na nafasi inayobaki hutumika kwa intaneti ya simu. Wewe unayesoma makala hii kwa simu unakula matunda ya kuzimwa kule.

Lakini kuna jambo moja ambalo wahandisi walilijua na sisi watu wa kawaida tuliligundua sebuleni. Analojia ilikuwa na huruma. Mawimbi yakiwa hafifu, tuseme upo bondeni nyuma ya kilima, na Pemba ni vilima na mabonde matupu, picha ilikuja na chenga, lakini ilikuja. Ulimtambua mtangazaji kwa sauti, mpira ukaujua kwa mbio za wachezaji. Dijitali haina nusu. Mawimbi yakitosha, picha ni kioo. Yakipungua kidogo tu, picha inaganda, inakatika vipande vya mraba, kisha kioo kinabaki na maandishi kwamba hakuna mawimbi.

Katika Injili ya Marko sura ya 8 yumo kipofu wa Bethsaida. Yesu alimgusa, akamwuliza anaona nini, na yule mtu akajibu kwamba anaona watu, lakini kama miti inayotembea. Ndugu yangu, yule mtu alikuwa anaona chenga. Wafafanuzi wa Maandiko wameandika mengi kuhusu muujiza huu wa hatua mbili. Mimi leo nakuomba utazame kitu kimoja tu: Yesu alimwuliza. Hakuondoka akidhani kazi imekwisha. Alisimama, akasikiliza jibu ambalo halikumpendeza mtu yeyote, akamgusa mara ya pili mpaka akaona vizuri. Katika uhamaji wetu wa dijitali mguso wa kwanza ulikuwepo, tena kwa matangazo mengi na nyimbo. Swali la "Je, unaona?" ndilo lililokosekana, na sisi wa Kanisa hatukuliuliza pia.

Jumapili ijayo tutasoma Matendo ya Mitume sura ya 2. Yerusalemu imejaa wageni, Waparthi, Wamedi, Waelami, watu wa Misri na Libya, Waarabu. Mitume ni Wagalilaya, na Wagalilaya walijulikana kwa lafudhi yao, kama unavyomjua Mpemba kabla hajamaliza salamu. Roho Mtakatifu anashuka, na kila mtu anasikia kwa lugha aliyozaliwa nayo. Hatukusoma mahali popote kwamba wale wageni walitangaziwa: kuanzia saa tatu asubuhi habari zitatolewa kwa Kiaramu cha Galilaya tu, asiyekijua akanunue masikio mapya. Kazi ya kueleweka ilibebwa na upande wa msemaji. Roho alimfikia Mparthi kwa Kiparthi.

Kiswahili chetu kimekipa kile kisanduku jina zuri kuliko lugha nyingi ninazozijua: king'amuzi, kutoka kung'amua, kutambua jambo lililofichika. Pentekoste, king'amuzi kilitolewa na mwenye ujumbe. Kwetu, mwenye ujumbe alibadilisha lugha usiku mmoja, akamwachia msikilizaji gharama za kung'amua. Kwa mwenye mshahara ilikuwa ni usumbufu. Kwa mjane wa Wete ilikuwa ni miaka zaidi ya kumi ya kimya.

Je, ingewezekana vinginevyo? Iliwezekana kwa baadhi. Marekani, kabla ya kuzima analojia tarehe 12 Juni 2009, kila kaya iliweza kuomba hadi kuponi mbili za dola 40 za kununulia king'amuzi. Afrika Kusini serikali iliahidi ving'amuzi vya bure kwa kaya maskini zaidi ya milioni 5. Utekelezaji ulisuasua miaka na miaka, lakini ahadi ile ikawa na nguvu, maana mwezi Juni 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha tarehe ya kuzima iliyowekwa na waziri, na hali ya wale ambao wangeachwa gizani ilikuwa sehemu ya hoja. Kwa jirani zetu Kenya, Februari 2015, vituo vikubwa vya binafsi vilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu katika mvutano wa vyombo vya habari na mamlaka. Huko angalau nchi nzima ilijua kuwa kuna giza. Giza la mtu mmoja mmoja halina mwandishi wa habari.

Kuna watakaosema: Padre, televisheni ni starehe, si mkate. Ningekubali haraka kama nisingeishi kisiwani. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kuja Pemba, ilizama usiku karibu na Nungwi, na mamia ya watu wakapotea. Karibu kila kijiji huku kina nyumba iliyoguswa. Siku zile hakuna aliyetazama televisheni kwa starehe. Watu walikaa mbele ya vioo vyenye chenga wakitafuta sura ya mtu wao kati ya waliookolewa. Kwa mtu wa kisiwani habari ya bahari, ya upepo, ya meli iliyofika na isiyofika, iko karibu sana na mkate.

Mwingine, aliyesoma Biblia vizuri, atanijibu kwa divai mpya na viriba vipya. Nami namshukuru, maana hoja hiyo nimeisikia hata kwenye vikao vya parokia, kila anapotaka mtu kununua kitu. Yesu alisema hivyo, ni kweli, na alikuwa akizungumza kuhusu kufunga na Ufalme wa Mungu. Hakuwa akizungumza kuhusu samani. Huyo huyo Yesu, katika Mathayo 13, anamsifu mwenye nyumba atoaye katika hazina yake vitu vipya na vya zamani. Tena kwa runinga hizi kuna ukweli rahisi wa kifundi ambao watu wengi hawakuelezwa: kiriba cha zamani hakikupasuka. Runinga ya chogo haikuharibiwa na dijitali. Kioo chake, spika zake, rangi zake, vyote vinafanya kazi. Imekosa mtu wa kuitafsiria tu.

Kwa hiyo niruhusu leo niache utauwa kidogo niseme mambo ya waya, maana huenda yakamfaa mtu kuliko nusu ya mahubiri yangu. Nyuma au pembeni mwa runinga nyingi za zamani kuna matundu matatu ya rangi: la njano ni la picha, jeupe na jekundu ni ya sauti. Nyingine zina la njano na jeupe tu. Hayo ndiyo huitwa AV. Ukienda kununua king'amuzi, usiulize kwanza bei, geuza kisanduku utazame nyuma. Kikiwa na matundu hayo hayo, umemaliza, ni kuunganisha rangi kwa rangi na kubonyeza kitufe cha AV kwenye rimoti. Kama king'amuzi kina HDMI tu, hujapotea. Kipo kidude kidogo kinachobadilisha HDMI kuwa AV, mafundi wanakijua. Na kama runinga yako ni ya zamani zaidi, ina tundu la antena peke yake, hata hiyo ina kidude chake, ingawa hapo picha haitakuwa ya kujivunia.

Uliza pia kama ni king'amuzi cha antena au cha dishi, na kama pale ulipo mawimbi ya antena yanafika. Muulize jirani, usimuulize muuzaji. Na ufahamu kwamba katika utaratibu wa nchi yetu kuna chaneli za kitaifa zinazopaswa kuonekana bila malipo ya mwezi kwenye ving'amuzi vya antena, hata kifurushi kikiisha. Wengi walilijua hili mwaka 2018, pale TCRA ilipovizuia ving'amuzi vya dishi vya kulipia kuzibeba chaneli hizo za bure, na watu wakabaki wakishangaa mbele ya vioo vyao. Nimekutana na wazee waliokifungia king'amuzi kabatini kwa sababu waliamini kifurushi kikiisha kila kitu kimekwisha.

Zipo runinga zilizokufa kweli, na hapa nasema na vijana. Mtumishi mmoja wa kanisa letu alinionyesha maganda matatu ya chogo yaliyotupwa kwenye korongo linaloshuka hadi mikokoni. Kioo cha chogo kimetiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Kikivunjwa vunjwa na kuachwa kwenye udongo, mvua haina pa kukipeleka ila kwenye visima na baharini. Watoto huchoma nyaya ili wapate shaba ya kuuza, na moshi ule wanauvuta wao. Na kabla hujafungua mfuniko wa nyuma kutafuta hiyo shaba, jua kwamba ndani hubaki umeme mkali hata runinga ikiwa imechomolewa. Mwachie fundi.

Papa Fransisko alitoa waraka wake juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, Laudato Si', tarehe 18 Juni 2015. Humo alilalamikia sana tabia yetu ya kutupa vitu na kutupa watu kwa mkono ule ule. Sasa rudi juu utazame tarehe ya mwisho ya analojia: 17 Juni 2015. Ni siku moja kabla. Sina ushahidi kwamba Baba Mtakatifu alikuwa akifikiria runinga za chogo, na sidhani. Lakini mimi nimeziandika tarehe hizo mbili pamoja kwenye kalenda yangu.

Msimamizi wa televisheni mbinguni, kama hukujua, ni Mtakatifu Klara wa Asizi. Papa Pio XII alimtangaza hivyo mwaka 1958. Klara, aliyefariki mwaka 1253, usiku mmoja wa Noeli alikuwa mgonjwa kitandani, hawezi kwenda kanisani na masista wenzake. Wenzake walikwenda, naye akabaki peke yake chumbani. Inasimuliwa kwamba Mungu alimjalia kuiona na kuisikia ibada yote ya kanisani pale pale alipolala. Watu husimulia habari hii wakitabasamu, kama mzaha wa Vatikano. Kwangu mimi tangu Pasaka hii imekuwa habari nzito. Ibada ilimfuata mgonjwa, na yeye hakuwa na cha kununulia chochote, maana aliishi kwa nadhiri ya ufukara.

Katika parokia yetu tumeanza jambo dogo. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo imeombwa kuhesabu nyumba zenye runinga isiyoonyesha, za Wakristo na za majirani wasio Wakristo bila kubagua, na kuandika sababu. Mpaka sasa sababu inayorudi ni ile ile ya mama wa Wete, au ndugu yake. Ile runinga yetu ya stoo imetoka stoo. Kama katika parokia yako, usharika wako au mtaa wako hakuna aliyehesabu, wewe unayesoma ndiye uliyebaki.

Kwa mama mwenyewe nilirudi Jumamosi na fundi, kijana wa pale pale Wete aliyesoma chuoni Tanga. Alipiga hodi, akavua viatu, akamwamkia bibi shikamoo, akaishusha sanamu ya Bikira Maria kwa mikono miwili kama anayeshika mtoto mchanga, akaiweka juu ya kabati. Akaomba king'amuzi kilichofungiwa. Kilikuwa bado kwenye boksi lake.

"Bibi, tivii yako nzima, wallahi," alisema baada ya dakika kumi za kupuliza vumbi. Kisha akanigeukia. "Padri, hii haina ugonjwa. Imekosa mkalimani."

Akachomeka kidude chake, njano kwa njano, jeupe kwa jeupe. Kioo kikaja kwanza kijani, halafu kikatulia. Ilikuwa taarifa ya habari. Mama alivuta kiti karibu, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Mimi nilidhani anasali, nikanyamaza.

"Baba," akasema hatimaye, akimnyoshea kidole mtangazaji. "Kumbe na wao wamezeeka."